Umeandikwa Wapi? Shianda, Ofisi, na Nani Analipia Nyumba

Ukianza kushika pesa kidogo hapa Shianda, wazee hawakuulizi unafanya kazi gani. Wanauliza, "Umeandikwa wapi?" Nimeulizwa hilo swali stejini, kwa matanga, hata nikingoja unga kwa posho mil. Nikijibu kwamba nafanya kazi nyumbani, nahariri video za watu walio mbali, mzee ananitazama kwa huruma, halafu ananiambia nisijali, Mungu atafungua mlango. Mlango anaousema ni wa ofisi.

Sasa huu ubishi wa siku hizi, eti kazi ya nyumbani ndiyo bora ama ya ofisini ndiyo bora, mimi nimechoka na venye unaendeshwa. Watu wanaongea kana kwamba ulizaliwa na korona. Wanaongea juu ya viti, kahawa na msongamano wa Thika Road. Huku magharibi tumekuwa tukivutwa kati ya nyumba na ofisi tangu enzi za babu za babu zetu, na ukiifuata hiyo historia utaona kwamba kila mara kazi inapohama, kuna mtu anaachiwa gharama za nyumba. Nataka tumtafute huyo mtu.

Tuanze na maneno yenyewe. Kwa nini kazi iwe ni kuandikwa? Kitabuni utasoma "kuajiriwa", lakini kwetu Kenya mtu anaandikwa kazi na anafutwa kazi, kama jina ubaoni. Angalia "kibarua": ni barua ndogo. Kule pwani mtu wa kazi ya siku alipewa kijikaratasi cha kuonyesha kwamba amefanya siku yake, na polepole jina la karatasi likawa jina la kazi, kisha likawa jina la mtu mwenyewe. Halafu kuna "kipande", hicho tutakifikia. Maneno matatu, yote ya karatasi. Jasho halimo, jembe halimo. Kwa lugha tuliyorithi, umepata kazi siku jina lako limeingia kwenye daftari la mtu mwingine.

Kabla ya hilo daftari, nyumba ndiyo ilikuwa mahali pa kazi. Wanga ilikuwa na ufalme wake, na Elureko, ambayo leo tunaiita Mumias, ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka pwani kwenda Uganda. Joseph Thomson, Mskoti, alipita hapo mwaka 1883. Kule Samia, karibu na ziwa, wahunzi walifua majembe ya chuma yaliyobadilishwa kwa mifugo na nafaka mbali na kwao. Mhunzi hakuwa na haja ya kuhama ndipo aitwe mfanyakazi. Sisemi palikuwa peponi, tafadhali. Misafara hiyo ilibeba pembe za ndovu na ilibeba watu pia, na mzigo wa shamba ulikuwa wa mwanamke wakati huo kama ulivyo leo. Nasema tu kwamba nyumbani na kazini palikuwa mahali pamoja, na hakuna aliyeona ajabu.

Kilichotenganisha hivyo viwili ni kodi. Waingereza waliweka kituo Mumias miaka ya 1890, na kwa muda ofisa wao C. W. Hobley alitawala eneo lote hili kutoka hapo. Reli ikafika Kisumu Desemba 1901. Aprili 1902 sehemu hii ikaondolewa Uganda na kuingizwa kwenye himaya iliyokuja kuwa Kenya. Katika miaka hiyo hiyo ikaja kodi, na hebu sikiliza jina lake: kodi ya nyumba. Haikutozwa mshahara, kwa sababu mshahara haukuwepo. Haikutozwa mazao. Kilichohesabiwa ni vibanda. Mzee mwenye wake watatu, nyumba tatu, kodi mara tatu. Mwanzoni mtu aliweza kulipa kwa mifugo, kwa mazao au kwa siku za kazi. Baadaye zikatakiwa pesa taslimu, na pesa taslimu ilikuwa kwenye mashamba ya walowezi, kwenye reli na Nairobi.

Ukitaka kukaa kwenye nyumba yako, lazima utoke kwenye nyumba yako. Hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu, na ndiyo maana mimi sikubali mtu akiniambia kwenda ofisini ni jambo la kawaida la binadamu na kufanya kazi nyumbani ni mtindo wa vijana. Hapa kwetu kwenda kazini kulianza kama deni.

Vita vya Kwanza vikaja na kuchukua maelfu ya wanaume wa magharibi kubeba mizigo ya jeshi. Mtaa wa Kariokor pale Nairobi umepata jina lake kutoka kwa hicho kikosi. Vita vilipoisha, walowezi walilia kwamba hawana watu wa kazi, na mwaka 1919 Gavana Northey akatoa waraka akitaka maofisa na machifu "wawahimize" Waafrika watoke kwenda kufanya kazi. Unajua chifu akikuhimiza kunakuwaje. Wakati huo huo kipande kikaanza kufanya kazi. Sheria yake ilikuwa imepitishwa mwaka 1915 lakini vita viliichelewesha. Kila mwanamume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 alitakiwa awe na cheti chenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri, kazi, mshahara, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Watu walikibeba ndani ya kijikopo cha chuma, shingoni. Bila mwajiri kutia sahihi kwamba amekuachilia, hukuweza kuandikwa pengine, na ukiondoka bila ruhusa ulitafutwa kama mhalifu.

Tena kulikuwa na mkataba wa tiketi ya siku 30. Kila siku uliyofanya kazi iliwekewa alama, na siku ambayo haikuwekwa alama haikuhesabiwa. Ulilipwa tiketi ikijaa. Msimamizi akikasirika nawe jioni, siku yako ingeweza kupotea, na jua uliliona lote.

Najua kuna mtu anasoma hii na kwenye kompyuta yake kuna programu inayopiga picha skrini kila baada ya dakika chache ili mteja wa ng'ambo aone kama anafanya kazi kweli. Nimefanya kazi chini ya hiyo programu. Ukienda kunywa maji, dakika zinaliwa. Mimi sisemi hiyo ni sawa na kipande; hakuna polisi atakayenikamata nikizima mashine. Lakini alama za siku na picha za skrini ni mtoto na mama. Kitu kimoja kilichonishangaza nikisoma hii historia ni kwamba mwenye mali hakuwahi kuwa na shida na umbali, bora awe na njia ya kuhesabu.

Watu wa magharibi hawakunyamaza. Desemba 1921 palikuwa na mkutano mkubwa Lundha, Gem, na kati ya malalamiko yaliyopelekwa kwa serikali kipande kilikuwemo, kodi ilikuwemo, na kazi za kulazimishwa pia. Miezi michache baadaye, Machi 1922, watu walipigwa risasi Nairobi wakidai Harry Thuku aachiliwe, na kipande ni mojawapo ya mambo aliyokuwa akiyapinga. Hata hivyo kijikopo kilibaki shingoni mpaka baada ya Vita vya Pili.

Haya, mwanamume ametoka Wanga, amefika Nairobi. Analala wapi? Hapa ndipo penye uchungu wenyewe. Reli iliwajengea wafanyakazi wake landi pale Muthurwa, vyumba kwa safu. Wengine walipata kitanda tu. Mji ulipangwa kwa ajili ya mwanamume aliye peke yake, na mshahara ulipimwa hivyo hivyo: mshahara wa kapera. Wazo lilikuwa kwamba mke na watoto wako ushago, wana shamba, watajilisha. Mwaka 1954 kamati ya serikali juu ya mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na F. W. Carpenter, ilikiri wazi kwamba mshahara ulikuwa wa mtu mmoja na ikapendekeza usogezwe polepole hadi ufikie wa kulisha familia.

Nataka tukae hapo kidogo. Kwa nusu karne, ofisi, reli na shamba la mlowezi zilipata mfanyakazi kwa bei nafuu kwa sababu kuna mwanamke Shianda, Malaha, Lubinu, ambaye alilima mahindi na mtama, akalea watoto, akamuuguza mzee, na akampokea huyo mwanamume akirudi na kikohozi. Hakuandikwa popote. Jina lake halipo kwenye daftari lolote, hata la tiketi. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akilipa ile sehemu ya mshahara ambayo bosi hakulipa. Ushago ulilipia Nairobi. Siku hizi tunaongea kinyume, kwamba Nairobi ndiyo inalisha ushago, kwa sababu tunahesabu tu pesa zinazoingia kwa M-Pesa. Gunia la mahindi linalopakiwa kwenye basi la usiku halina ujumbe wa kuthibitisha muamala.

Kuna wakati mfupi kazi ilikuja yenyewe karibu. Mwaka 1931 Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, alipata dhahabu Kakamega, na Wazungu wakamiminika. Mwaka uliofuata serikali ilibadilisha sheria ya ardhi ya Waafrika, ile waliyokuwa wameahidiwa kwamba ni yao daima, ili wachimbaji wapite. Ni aibu kubwa ambayo inastahili makala yake. Kwa hii yetu, ninachotaka ni kimoja: maelfu ya watu walipata kazi migodini, na waliotoka vijiji vya karibu waliweza kurudi kulala kwao. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952. Ukipita hapo leo utakuta watu bado wanachimba kwa mikono.

Sasa, mtu atauliza: kama ofisi ilianza vibaya hivyo, kwa nini wazee wetu wanaipenda? Kwa sababu ya karani. Kati ya watu wote walioandikwa, karani ndiye aliyeshika kalamu. Shule za misheni zilipofunguka, Mumias kwa Wakatoliki, Butere na Maseno kwa Waanglikana, mtoto aliyejua kusoma aliweza kuhama kutoka kwa mtu anayeandikwa hadi mtu anayeandika. Shati jeupe, kivuli, meza. Babu yangu hakuwa karani, alikuwa mkata nyasi kwenye kampuni moja kule Nakuru, lakini alinunua kalamu ya wino na alikuwa akiichomeka mfukoni akienda kanisani. Kuka alijua anachokifanya. Baada ya uhuru, ofisi zilizokuwa za Wazungu zikawa zetu, na kuandikwa serikalini kukawa na pensheni, hospitali na heshima chifuni. Sitamcheka mzee anayeniombea ofisi. Ameona wenye ofisi wakizeeka vizuri kuliko wasio nayo.

Na ofisi, ama tuseme mahali ambapo watu wengi wanafanya kazi pamoja, ina kitu kingine ambacho sisi wa nyumbani hatupendi kukisema. Mombasa, Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma kwa karibu wiki mbili. Bandari ilisimama, reli ikasimama, hoteli zikakosa wapishi. Walikuwa wakikutana uwanjani kila siku. Vibarua wa bandari walikuwa na sifa ya kufanya kazi siku wanazotaka, kisha kurudi kwenye shughuli zao nyingine, na wakubwa walilalamika sana juu ya hiyo tabia. Baada ya mgomo huo na misukosuko mingine, katika miaka ya 1950 bandari iliamua kuwaandika watu kwa kudumu, idadi ndogo zaidi, mshahara bora, lakini uje kila siku. Waliopata nafasi walipata maisha. Walioachwa nje waliachwa nje na ule uhuru wao wa siku. Mimi nikiwafikiria hao siwezi kusema waliobaki vibarua walishinda.

Sasa turudi nyumbani, kwa miwa, maana hapo ndipo Shianda ilipofanya kazi ya nyumbani kwa wingi kabla hata ya simu ya mkono.

Kampuni ya Sukari ya Mumias ilisajiliwa mwaka 1971 na kiwanda kikaanza kusaga mwaka 1973, kikisimamiwa na Booker McConnell ya Uingereza. Shule ya Booker Academy bado inabeba hilo jina. Kampuni ilikuwa na shamba lake yenyewe, lakini halikutosha kulisha kiwanda. Sehemu kubwa ya miwa ilitoka kwa wakulima wadogo wa vijiji vinavyozunguka, makumi ya maelfu yao, kila mtu kwenye ardhi yake. Mkulima hakuandikwa. Alisaini mkataba. Kampuni ilileta trekta ikalima, ikaleta mbegu na mbolea, ikaleta wakataji, ikaleta trela. Mkulima alitoa ardhi, palizi, na muda: miwa ya kwanza inachukua mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili. Halafu gharama zote zile zilikatwa kwenye malipo, pamoja na riba.

Ukiangalia kwa mbali, si hiyo ndiyo ndoto? Unaamka kwako, unapalilia kwako, hakuna bosi, na kampuni kubwa inanunua. Na kwa miaka mingi ilifanya kazi, nisidanganye. Nyumba nyingi za mabati unazoziona kutoka hapa hadi Mumias zilijengwa na miwa. Karo zililipwa. Kampuni iliingia soko la hisa la Nairobi mwaka 2001, na kuna wazee hapa walinunua hisa wakatengenezea cheti fremu.

Lakini mizani ilikuwa kiwandani. Muwa ulikatwa kwako, ukapakiwa, ukaenda, na uzito ulisomwa mbali na macho yako. Trela ikikwama kwenye matope siku tatu, muwa unakauka, na hasara ni yako. Moto ukishika shamba, hasara ni yako. Wakataji wakichelewa miezi, muwa unapita umri wake, na hasara ni yako. Palikuwa na wakulima waliongoja miaka miwili kisha wakapewa karatasi inayoonyesha kwamba wao ndio wanadaiwa na kampuni. Mama alipalilia, lakini mkataba ulikuwa kwa jina la mwenye ardhi, na mwenye ardhi mara nyingi alikuwa baba, kwa hivyo hela zilipotoka zilitoka kwa baba. Na mahindi yalikuwa yamesogezwa hadi kando ya choo, kwa hivyo chakula kikawa cha kununua.

Upande wa pili wa ua, walioandikwa kiwandani walikuwa na nyumba za kampuni, zahanati, klabu na uwanja wa gofu. Kampuni hiyo hiyo na sukari hiyo hiyo. Mmoja gharama zake za nyumba zililipwa na kampuni, mwingine nyumba yake na shamba lake ndivyo vilivyobeba hatari ya kampuni. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo tofauti ya kazi ya ofisini na kazi ya nyumbani, na haina uhusiano wowote na kiti.

Mwishowe wote waliumia. Malipo yalianza kuchelewa, kiwanda kikasimama, na Septemba 2019 benki ya KCB ikaweka mrasimu. Mwishoni mwa 2021 kikakodishwa kwa kampuni ya Sarrai kutoka Uganda, na mwaka 2022 kikaanza kusaga tena. Lakini hata siku za kuanguka hawakuumia sawa. Aliyeandikwa alikuwa na barua ya kudai malimbikizo. Mkulima alikuwa na miwa iliyopita umri.

Miezi sita baada ya hiyo Septemba, korona ikaingia. Kisa cha kwanza Kenya kilitangazwa Ijumaa tarehe 13 Machi 2020, na Jumapili yake Rais Uhuru Kenyatta akaagiza ofisi za umma na za binafsi ziwaruhusu watu wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wa huduma muhimu. Njia ilikuwa imeshatengenezwa: M-Pesa tangu 2007, nyaya za chini ya bahari zilizofika Mombasa mwaka 2009, stima iliyosambazwa vijijini miaka iliyofuata. Na vijana wengi tulikuwa tayari mtandaoni, tukiandika insha za wanafunzi wa ng'ambo (sasa hiyo kazi siitetei), tukiandika maneno ya sauti zilizorekodiwa, tukichora visanduku kwenye picha za barabara ili magari ya watu yajifunze kuendesha.

Visa viwili vya hapa Kenya ndivyo vimenifanya niandike haya. Cha kwanza kilitokea ofisini. Kampuni ya Sama, Nairobi, iliajiri vijana kuchuja picha na video za kutisha za Facebook na kuchambua maandishi ya kufundishia mashine. Januari 2023 jarida la Time liliandika kwamba waliofanya hiyo kazi ya maandishi kwa ajili ya OpenAI walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Kazi mbaya, mshahara mdogo. Lakini walikuwa chumba kimoja. Walijuana sura, walikula pamoja, walilia pamoja. Mwaka huo huo wachujaji zaidi ya 180 walienda mahakamani, na tarehe 1 Mei zaidi ya watu 150 wa kazi hizo walikutana Nairobi wakapiga kura kuanzisha chama. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikasema Meta inaweza kushtakiwa hapa Kenya.

Cha pili kilitokea nyumbani. Remotasks ilikuwa na vijana wengi sana, kila mmoja chumbani kwake, wengi wakilipwa vipande vidogo kwa kila kazi. Machi 2024 walijulishwa kwa barua pepe kwamba huduma hiyo haipatikani tena Kenya. Basi. Hakukuwa na lango la kusimama nje yake. Hakukuwa na mtu wa kumwangalia usoni. Mtu wa Bungoma hakujua jirani yake wa Webuye alikuwa akifanya kazi ile ile.

Kwa hivyo nyumbani inakupa siku yako, na ofisi inakupa watu wako. Sijapata bado mahali panapokupa vyote viwili bila vita.

Na gharama? Mimi nitawaambia zangu. Tokeni za stima nanunua mimi. Intaneti nalipa mimi. Stima ikipotea, na hapa mvua ikinyesha inapotea, mimi ndiye nachukua boda hadi Mumias kutafuta mahali pa kuchaji, na mteja hajui. Kuna kampuni moja ya ng'ambo, sitaitaja, ilinipa kazi ya wiki tatu halafu ikanyamaza kabisa. Ankara yangu iko mahali huko inazeeka. Kukhu ananipikia mchana kwa sababu nikisimama kuwasha moto kazi inachelewa. Nikitafakari, Kukhu ni yule yule mwanamke wa mwaka 1930. Analipia ofisi ya mtu ambaye hajawahi kumwona.

Sheria yetu, kusema kweli, iliwahi kulifikiria hili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao ya kufaa karibu na kazi, ama amlipe kodi ya kutosha juu ya mshahara. Ndiyo ile marupurupu ya nyumba unayoiona kwenye karatasi ya mshahara. Imezaliwa na hii historia yote ya landi na vitanda. Lakini inamlinda mfanyakazi, mtu aliyeandikwa. Mimi kwa karatasi zao naitwa mkandarasi, kwa hivyo nyumba ambayo ndiyo ofisi yao haina marupurupu.

Sasa mambo yamenifikia. Kampuni ya Nairobi ambayo nimeifanyia kazi kutoka hapa miaka miwili inataka niende. Dawati, bima, jina kwenye orodha. Nimepiga hesabu ya chumba kule Pipeline, nauli, chakula cha kununua, na ile ya kutuma nyumbani kila mwezi, na kinachobaki ni kidogo kuliko ninachoshika hapa, hata nikitoa tokeni. Mama anasema niende. Wazee, hata usiwaulize. Mimi nimeamua kubaki, lakini sitabaki kama mkulima wa miwa.

Tuko watano hapa Shianda tunaofanya hizi kazi. Tangu Januari tumekodisha chumba kimoja nyuma ya duka la dawa, tunagawana intaneti na betri ya sola, na kila Alhamisi tunakutana hata yule asiye na kazi. Tuna daftari. Ndani tunaandika mteja nani, aliahidi kiasi gani, alilipa lini, na asiyelipa tunamwandika kwa wino mwekundu ili mwingine asimchukue. Tumeanza pia kulinganisha mikataba, na tayari tumegundua mteja mmoja anatulipa bei tatu tofauti kwa kazi moja. Tumemwandikia barua moja, sahihi tano.

Na ile kampuni ya Nairobi nimewajibu. Nimewaambia nitakuja ofisini wiki moja kila mwezi, nauli yao. Wiki zingine niko hapa, na wanilipe stima, intaneti na sehemu ya kodi ya hiki chumba, kwa sababu wangenilipia dawati kule. Nimetaka pia niandikwe kabisa, kwa barua, na sio mkandarasi. Wamesema ni jambo geni, wataliangalia na mtu wao wa sheria, wataniambia Ijumaa.

Kukhu ameuliza kama na yeye atawekwa kwenye hiyo barua. Alikuwa anacheka, lakini nimepiga hesabu ya chakula cha mchana na nimeiweka kwa jina lake, shilingi 200 kwa siku, siku tano kwa wiki. Nimeanza kumlipa Jumatatu.